Ndege ku njia ya makamio: piloti anachagua nini, na sisi tulio chini tufanye nini?



Tarehe 17 Novemba 2025, ndege iliyobeba waziri wa madini Louis Watum Kabamba pamoja na watu wa msafara wake ilitoka Kinshasa na kufika Kolwezi. Ilishuka, lakini haikusimama mahali ilipaswa kusimama. Iliacha pisti na kuingia pembeni. Watu wote waliokuwa ndani walitoka hai, kisha moto ukaikamata ndege. Video zilizunguka katika simu za watu, na kila mtu alikuwa na la kusema.

Tangu siku ile kuna swali moja linaturudilia hapa redioni: "Ile ya Kolwezi ilikuwa ku kiwanja. Sasa kama motere ya kandege kadogo inazimika katikati ya Likasi na Lubumbashi, inaenda wapi? Inaweza kushuka ku N1, pale pale kwenye makamio?"

Jibu fupi ni ndiyo, inaweza. Katika inchi nyingi ndege ndogo zimeshuka ku njia kubwa. Zingine zilishuka vizuri, piloti akatoka na kusimama pembeni ya ndege yake kama shofere mwenye pneu imepasuka. Zingine ziliua watu. Na tukiangalia vizuri, mara nyingi tofauti haikuwa paka ufundi wa piloti. Ilikuwa pia vitu na watu waliokuwa chini, ku njia. Ni juu ya ile tunaandika leo: sisi wenye kutembea, kuuza na kuendesha ku barabara tuko ndani ya hii habari kuliko tunavyofikiri.

Motere ikizimika, ndege haianguki kama jiwe

Tuanze hapa, juu wengi wanakosea. Watu wanafikiri motere ikinyamaza, ndege inaanguka papo hapo. Hapana. Mabawa ndiyo yanabeba ndege. Kazi ya motere ni kuisukuma mbele ili hewa ipite ku mabawa. Motere ikikufa, piloti anainamisha pua kidogo, na ndege inaendelea kwenda mbele huku inashuka polepole, sawa vile kinga inashuka mlima bila mtu kukanyaga pedali.

Tuchukue Cessna 172, ndege ya watu wanne inayotumiwa sana na shule za urubani duniani. Kwa kila mita 1 inayoshuka, inaweza kwenda mbele karibu mita 9. Kwa hiyo kama motere inazimika ikiwa mita 1.000 juu ya udongo, piloti iko na kilometa 9 hivi mbele yake, na dakika 4 na kidogo za kufikiri. Kama iko mita 300 tu, kwa mfano imetoka kuruka, kilometa hazifike 3 na muda unapita dakika 1 kidogo.

Katika muda ule piloti anafanya mambo matatu, moja kisha lingine. La kwanza ni kuendelea kuendesha ndege, kuchunga mwendo usipungue sana. Mwendo ukipungua kupita kiasi, mabawa yanaacha kubeba, na hapo sasa ndege inaanguka kweli. La pili ni kutafuta mahali pa kushukia. La tatu ni kuongea ku redio, kusema "Mayday" mara tatu na kutaja mahali alipo. Neno lile Mayday, sisi wenye kusoma Kifaransa tunalijua bila kujua: linatoka ku "m'aidez", nisaidieni.

Ona kama kuomba musaada kunakuja ku namba ya tatu. Mtu wa Luano mwenye kusikia ile sauti hawezi kuishika ndege kwa mkono. Anaweza paka kuita watu wengine.

Juu ya nini motere inazimika? Mara nyingi sababu ni ndogo: mafuta yameisha, maji yameingia mu mafuta, mafuta si ya aina inayofaa, kipande kimoja cha motere kimevunjika, ndege wa porini ameingia. Na kwetu, kusini mwa Katanga, kuna jambo lingine linalofanya kazi kuwa nguvu. Lubumbashi iko juu, karibu mita 1.300 kuliko bahari. Hewa yetu ni nyepesi, na wakati wa joto la Septemba na Oktoba inakuwa nyepesi zaidi. Ku hewa nyepesi ndege inahitaji mwendo mkubwa zaidi ili ibebwe, karibu sehemu moja kwa kumi zaidi kuliko ku pwani. Inagusa chini na mbio zaidi, na inahitaji nafasi ndefu zaidi ya kusimama. Ongeza na moshi wa mapori yanayochomwa kiangazi, macho ya piloti hayaoni mbali.

Juu ya nini njia kubwa inamvuta piloti

Jiweke mahali pake. Uko juu, motere imenyamaza, unatafuta mahali palipo ndefu, pamenyooka na pagumu. Unaangalia chini: pori la miombo, miti imefungana. Pale ambapo miti haiko, kuna vichuguu. Watu wa hapa wanajua vichuguu vya Katanga, vingine vinapita urefu wa nyumba. Ndege ikikigonga kimoja ku mbio ya kilometa 100 kwa saa, ni kama kugonga ukuta. Mashamba ya mahindi yako, lakini mvua ikinyesha udongo unakuwa laini, magurudumu yanazama na ndege inapinduka.

Kisha unaona mstari mweusi, mrefu, umenyooka: gudroni. N1 kati ya Lubumbashi na Likasi, karibu kilometa 120. Ama njia ya Kasumbalesa. Kutoka juu inafanana na pisti kabisa. Moyo unasema: pale.

Lakini walimu wengi wa urubani wanawaambia wanafunzi wao wasikimbilie njia. Wanasema shamba lililo sawa, lililovunwa, bila miti na bila waya, mara nyingi ni zuri kuliko barabara. Tuone juu ya nini.

Njia si pisti

Kwanza, upana. Pisti ya Luano inapita kilometa 3 kwa urefu, na upana wake unapita mita 40. Barabara ya gudroni ya kupishana motokari mbili iko na mita 7 hivi. Mabawa ya Cessna 172, toka ncha mpaka ncha, ni mita 11. Cessna Caravan, ile ndege ya elisi moja inayofanya kazi sana mu Kongo kubeba watu na mizigo kwenye viwanja vidogo, iko na karibu mita 16. Maana yake, hata magurudumu yakikaa katikati kabisa ya gudroni, mabawa yanatoka inje pande zote mbili. Yanapita juu ya ukingo, pale pale ambapo mama anauza makala, kijana anasukuma kinga, watoto wanatoka masomo.

Pili, waya. Popote barabara inapita, umeme unapita pia. Waya za SNEL zinafuata njia, na mahali fulani zinaikata toka upande moja mpaka mwingine. Ukiwa juu, hauone waya. Unaweza kuona nguzo tu, na saa nyingine unaziona umechelewa. Waya moja inatosha kupindua ndege.

Tatu, motokari zenyewe. Ndege ndogo inagusa chini ikiwa na mbio ya kilometa 90 mpaka 100 kwa saa, karibu mita 28 kila sekunde. Kama inashuka ikifuata upande mmoja na motokari, na kamio iko mbele inaenda kilometa 60, tofauti ni ndogo na mtu anaweza kupona. Kama inashuka ikikutana uso kwa uso na mabisi inayokimbia 80, mbio mbili zinajumlishwa: zinafika 170 ama 180. Ndiyo maana piloti akilazimishwa kutumia njia, anajaribu kwenda upande ule motokari zinaenda, kama upepo unamruhusu.

Nne, na hii watu wengi hawaifikirii kabisa: ndege yenye motere imekufa haina kelele. Tumezoea ndege kujitangaza. Unasikia ngurumo, unainua kichwa. Ile yenye kushuka bila motere inakuja na sauti ya upepo tu. Shofere wa kamio aliyefunga vioo na kufungua muziki hasikii kitu. Kioo chake cha pembeni kinaonyesha njia ya nyuma, hakionyeshi mbingu.

Kilambo: wakati njia ilikuwa kiwanja

Ndugu zetu wa Kivu ya Kaskazini watasema: "Lakini sisi tuliona ndege zikishuka ku barabara kila siku, na hakuna aliyeshangaa." Ni kweli, na tunapaswa kuieleza.

Mu teritware ya Walikale, kwenye miaka ya 2000, mgodi wa Bisie ulikuwa unatoa kasiterite nyingi sana, yale mawe yenye kutoa bati. Wabebaji walitoka nayo ku mgongo, kilo 50 na zaidi, safari ya siku mbili hivi kwa miguu mu pori. Njia ya motokari kuelekea Goma ilikuwa imeharibika, haipitiki. Lakini pa Kilambo, ku barabara ya kuelekea Kisangani, kulibakia kipande cha gudroni kilichonyooka. Basi ndege ndogo, zile za zamani za elisi mbili zilizotengenezwa wakati wa ukomunisti, zilikuwa zinatoka Goma na kushuka pale pale ku barabara. Zinapakia kasiterite, karibu tani mbili kila safari, zinageuka na kuruka tena. Picha za ndege zile zilizunguka dunia yote. Mwezi wa Septemba 2010 raisi Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa madini katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Katazo lile liliondolewa mwezi wa Machi 2011.

Sasa, juu ya nini Kilambo iliwezekana? Si kwa sababu barabara ile ilikuwa na ajabu. Iliwezekana juu watu wa chini walijua kama ndege inakuja. Njia ilifungwa. Pikipiki, wapita njia na mizigo viliwekwa pembeni. Mapiloti walikijua kila kilima cha pale. Hata hivyo hatari ilikuwako kila siku.

Inchi zingine zimefanya vile kwa mpango. Finlandi na Uswidi ziko na vipande vya barabara vilivyojengwa kusudi ndege za vita zishukie wakati wa vita. Mu Australia, ku barabara ndefu ya jangwani inayoitwa Eyre Highway, kuna sehemu zilizochorwa alama ili ndege ya madaktari ichukue wagonjwa. Pale vibao vinamwambia shofere: hapa ndege inaweza kushuka. Kila mahali siri ni moja tu: mtu amesafisha njia mbele ya ndege kufika.

Wakati wa hatari ya ghafula, ule mtu hayuko. Anayeweza kusafisha njia ni mimi na wewe, na tuko na sekunde chache.

Malindi, Florida na Goma: tuone wenye walikufa

Tarehe 10 Januari 2025, pale Kwachocha karibu na Malindi, katika inchi ya Kenya (si Kenya yetu ya komini), ndege ndogo ya mafunzo ilianguka ku barabara kubwa ya Malindi na Mombasa. Ndani mulikuwa watatu: mwalimu na wanafunzi wawili. Wote watatu walitoka hai. Watu watatu waliokuwa chini ndio walikufa, kati yao mwenye pikipiki ya kubeba watu. Hapa kwetu tungemwita manseba.

Tarehe 9 Februari 2024, karibu na Naples, mu jimbo la Florida ku Marekani, ndege ya biashara yenye motere mbili ilipoteza zote mbili dakika chache mbele ya kufika kiwanja. Ilishuka ku barabara kubwa sana inayoitwa I-75, motokari zikiwa zinapita. Mapiloti wawili walikufa. Watu watatu waliokuwa nyuma walitoka mbele ya moto kuimaliza ndege. Barabara ile ni pana kupita zetu zote, na bado haikutosha.

Na Goma haijasahau. Tarehe 15 Aprili 2008, DC-9 ya kampuni ya Hewa Bora ilishindwa kuruka, ikamaliza pisti na kuingia mu soko na manyumba ya Birere. Pisti ya Goma ilikuwa imefupishwa na lava ya Nyiragongo tangu Januari 2002. Watu karibu 40 walikufa, na wengi wao hawakuwa wasafiri. Walikuwa watu wa chini: wauzaji, wanunuzi, wenye kupita.

Ndege hizi ni tofauti, na sababu zilikuwa tofauti. Lakini pa Malindi na pa Goma somo ni moja. Msafiri aliyefunga mkaba iko na chuma kinachomkinga pande zote. Mwenye kusimama ku ukingo wa njia hana kitu.

Kama unaiona inakuja

Tumekusanya mambo ambayo mtu wa usalama wa anga angekuambia, na tumeyaweka kwa lugha ya njia.

Kama unaendesha na unaona mbele yako ndege iko chini sana, imejipanga na barabara, usisimame ghafula katikati ya njia. Wale wa nyuma watakugonga, na ndege itakuta ukuta wa motokari. Punguza mwendo, washa taa za kumulika zote, ingia kuume, toka ku gudroni kama ukingo unaruhusu. Kisha shuka, na wenzako wote washuke, muende mbali na njia, mu pori kama mita 30 na zaidi.

Kama inakuja nyuma yako, usijaribu kushindana nayo mbio. Ondoka ku njia. Piloti anatafuta nafasi mbele, mpe ile nafasi.

Kama uko kwa miguu, ama unauza ku ukingo, acha bidhaa. Kimbia kwa upande, mbali na njia. Usikimbie kufuata njia, mbele ama nyuma, juu ndege inafuata njia na itakufikia. Na ukisikia watu wanapiga kelele, usisimame kwanza kutoa simu. Kumbuka mabawa yanapita mbali kuliko magurudumu.

Ikisha kusimama

Hapa ndipo moyo wa watu wetu unajulikana. Tunakimbiaka kusaidia, na ni vizuri. Pa Bukoba, mu Tanzania, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliingia mu ziwa Victoria ikiwa karibu kufika kiwanja. Ndani mulikuwa watu 43. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mmoja mvuvi, Majaliwa Jackson, alisifiwa inchi nzima kwa kusaidia kufungua mlango wa nyuma. Watu 24 walipona, 19 walikufa. Bila wale wavuvi hesabu ingekuwa ingine.

Kwa hiyo hatusemi "musikaribie". Tunasema mukaribie kwa akili.

Jambo la kwanza ni elisi, kile kinachozunguka ku pua. Hata kikiwa kimesimama, usikiguse na usipite mbele yake. Kinaweza kuzunguka tena mara moja tu, na mara moja inatosha kukata mtu. Ndege yenye elisi mbele inakaribiwa toka nyuma ya bawa. Elikopta ni kinyume: usiende hata siku moja ku mkia wake, fikia toka mbele, mahali piloti anakuona.

Jambo la pili ni mafuta. Ndege ndogo za motere ya pistoni zinatumia esanse ya ndege, inawaka upesi sana. Caravan na zingine za motere ya tabini zinatumia mafuta yanayofanana na mafuta ya taa. Na hapa tuongee wazi, kama ndugu. Watu wengine wataona mafuta yanamwangika na watafikiria bidoni. Tukumbuke Sange, mu uwanda wa Ruzizi, tarehe 2 Julai 2010. Kamio ya mafuta ilipinduka, watu wakaja kuchota na wengine kuangalia. Moto ulipotokea uliua zaidi ya watu 200, hata wale waliokuwa mu nyumba wakiangalia mupira wa kombe la dunia. Bidoni moja haina bei ya ile. Hakuna sigareti, hakuna mbabula, na hakuna kuwasha pikipiki karibu. Mwenye hana kazi ya kusaidia arudi mita 100 nyuma, upande upepo unatokea.

Jambo la tatu ni wagonjwa. Kama hakuna moto wala harufu kali ya mafuta, na mtu anapumua, usimvute kwa nguvu. Shingo ama mgongo unaweza kuwa umevunjika, na kumvuta kunaweza kumfanya asitembee tena. Ongea naye, zuia damu kwa kitambaa safi, ngoja wenye kazi. Lakini kama moto umeanza, usingoje. Fungua mkaba na umtoe, hata kama unamuumiza.

Usiguse, usibebe

Kisha kutakuwa na jambo la kukasirisha: N1 imefungwa. Makamio ya shaba na ya kobalti yamejipanga mpaka hauone mwisho. Mashofere wanapiga klaksoni, mwenye kubeba samaki analia juu barafu inayeyuka. Mtu mmoja atasema: "Tuisukume tu pembeni."

Tunaelewa. Lakini ndege iliyoanguka inaongea, na inaongea kwa kila kitu kilichobakia mahali pake. Kama kifunguo cha mafuta kiko wazi ama kimefungwa, kama elisi imepinda mbele ama nyuma, kama mafuta yamebakia mu tanki, yote ile inawaambia wachunguzi kama motere ilikuwa inafanya kazi ao hapana. Kuchunguza ni kazi ya ofisi ya kudumu ya uchunguzi wa ajali za ndege, ile inayoitwa kwa kifupi BPEA. Mamlaka ya anga, AAC, ndiyo inachunga ruhusa za ndege na za mapiloti. Viwanja na kuongoza ndege ni kazi ya RVA.

Sheria ya dunia, inayotokana na mapatano yaliyofanywa Chicago mwaka wa 1944, inasema uchunguzi unafanywa ili ajali isirudilie, si kwa kutafuta mwenye kosa. Sheria ile inaruhusu kusogeza ndege kwa kutoa watu, kuzuia moto, ama kuondoa hatari ku njia. Lakini mbele ya kuisogeza, picha zinapigwa na vipimo vinachukuliwa. Kwa hiyo polisi akisema mungoje, iko na sababu.

Na mwenye atabeba kiti, redio ama kipande cha aluminiumu aende kukiuza, ajue anabeba jibu. Kompani za ndege za Kongo zimekatazwa kuingia mu anga ya Umoja wa Ulaya. Kila ajali isiyoelezwa vizuri inatuacha pale pale.

Turudilie ku swali

Basi, kama motere inazimika kati ya Likasi na Lubumbashi, ndege inaweza kuja ku N1? Inaweza. Piloti mwenye akili ataangalia shamba kwanza. Akikosa, atachukua njia, na ataomba Mungu isikuwe na mtu. Yeye iko na dakika chache, mabawa na redio. Hana namna ya kutuambia tuondoke.

Wengi kati yetu tutamaliza maisha bila kuona jambo kama hili, na tunaombea iwe vile. Lakini kila siku makumi ya watu wanauza makala, mihogo na maji ku ukingo wa ile njia, na ndege ndogo zinapita juu yao zikienda Kalemie, Moba, Manono, Pweto, mahali ambapo bila ndege dawa hazifike. Zile ndege ni zetu, na ile njia ni yetu pia.

Ukisoma hii, ifanyie kitu kimoja: iambie mama mwenye kuuza ku njia, mumwambie na manseba mwenye kumupakia. Maneno mafupi yanatosha. Ukiiona chini, kimbia kwa upande. Ikisimama, pita nyuma ya bawa. Mafuta yakimwangika, acha bidoni.